Saiklotroni Kando ya Barabara ya Thika

Asafiriye kutoka Nairobi kwenda Thika hupita Kahawa kabla ya kufika Ruiru. Huko, katika Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, mna mashine iitwayo saiklotroni, iliyosimikwa mwanzoni mwa miaka ya 2020. Kazi yake ni kutengeneza florini-18, ambayo huunganishwa na namna ya sukari, kisha mgonjwa hudungwa, ili saratani ijulikane iliko. Hapo zamani Wakenya wengi walisafiri mpaka India kutafuta kipimo hicho.

Asili ya mashine hii ni Marekani. Mnamo Januari 1931, huko Berkeley, Ernest Lawrence na mwanafunzi wake Stanley Livingston walitumia chombo chenye upana wa inchi 4 na nusu tu, wakazipa chembe za haidrojeni nishati ya elektroni-volti 80,000, ingawa umeme wenyewe haukufika volti 2,000. Siri ilikuwa kurudia. Sumaku huzungusha chembe, na kila ivukapo pengo lenye umeme hupata msukumo mpya. Mwendo ukizidi, duara nalo hupanuka kwa kiasi kile kile. Ndiyo sababu muda wa mzunguko haubadiliki.

Mashine ya hospitali hutoa nishati moja, nayo yatosha, maana dawa ni ile ile kila siku. Mwanafizikia haridhiki hivyo. Yeye hutaka kukipiga kiini cha atomu kwa nguvu ndogo, kisha kubwa, aone kitageukaje. Tuseme chuo kikuu kilichoko Juja, kati ya Ruiru na Thika, chataka mashine ya namna hiyo. Nguvu za sumaku zikipunguzwa nusu, nishati ya protoni hushuka hadi robo, na mapigo ya umeme kwa sekunde hayana budi kupunguzwa nusu vilevile. Hayo ni mepesi. Taabu ni kwamba chembe iendayo kasi mno huwa nzito zaidi, ikaanza kuchelewa. Basi sumaku lazima iwe kali zaidi ukingoni kuliko katikati, na tofauti hiyo si moja kwa kila nishati. Kwa hiyo hulazwa nyaya nyingi za shaba, kila moja na umeme wake, za kurekebisha. Watu hustaajabia chuma kikubwa. Mimi nastaajabia nyaya hizo. Huko Kolkata, India, mashine ya aina hii ilitoa mwale wake wa kwanza mwaka 1977.

Lakini kwa mgonjwa wa Thika jambo kubwa ni saa. Florini-18 hupungua nusu kila dakika 110. Ingalisafirishwa kwa ndege kwa saa 4, ingalifika chini ya robo. Hata msongamano wa magari wa saa 1 barabarani huila karibu theluthi. Ndiyo maana mashine huwekwa pale pale alipo mgonjwa, na mafundi wake aghalabu huiwasha kabla ya mapambazuko.