Kambarage, Jina la Mvua

Katika majina matatu ya Julius Kambarage Nyerere, la katikati ndilo alilokulia nalo. Julius alilipata ukubwani, alipobatizwa tarehe 23 Desemba 1943 akiwa na miaka 21. Nyerere lilikuwa la baba yake. Kambarage ndilo lililokuwa lake mwenyewe, na hata hilo halikuwa la kwanza.

Alipozaliwa Butiama, Aprili 1922, aliitwa Mugendi, yaani mwenye kutembea. Jina hilo halikudumu. Mpiga ramli alishauri mtoto aitwe Kambarage, na Kambarage kwa Wazanaki, watu wa kabila lake, ni mzimu wa kike wa mvua. Siku ile ya kuzaliwa husimuliwa kuwa mvua ilinyesha kweli kweli. Kwa watu wa jembe na ng'ombe, mwenye mvua ndiye mwenye chakula cha mwaka mzima. Jina kama hilo halikuwa pambo, lilikuwa ulinzi, na ushauri wa mpiga ramli ukafuatwa.

Jina la baba nalo lilibeba habari ya mwaka wake. Alizaliwa yapata 1860, viwavi walipoivamia nchi, wazazi wakamwita Nyerere, maana yake viwavi. Ndivyo ilivyo hata kwetu kwa akina Masika, Shida na Tabu: mtoto huitwa kwa lililowapata watu, na wasioandika vitabu huandika tarehe yao ndani ya watoto. Nyerere huyo, mwana wa Burito, alifanywa mtemi na Wajerumani mwaka 1915, akaoa wake 22. Wa tano, Mgaya wa Nyang'ombe, ndiye mama yake Kambarage. Mtemi alifariki 1942.

Kijana aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, kisha Tabora, kisha Makerere. Kwa desturi ya shule na ofisi, jina la baba likageuka kuwa la ukoo, na balaa lile la viwavi likaendelea kutajwa: katika vyeti, katika TANU mwaka 1954, katika Umoja wa Mataifa, hata na watu wasiojua kwamba linataja mdudu. Ukoo wenyewe haukusahau wa kale. Mwana wa kwanza wa Julius aliitwa Andrew Burito, babu akarudi nyumbani kwa jina.

Uwanja wa michezo wa Shinyanga unaitwa Kambarage, na nimefurahi kila mara nilipousikia ukitajwa redioni. Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam na bwawa la Rufiji vimepewa jina la Julius Nyerere, Kambarage likaachwa nje. Nawaomba wenye kuandika mabango, vitabu vya shule na mitihani: mwandikeni kwa majina yote matatu, na mwalimu awaeleze watoto kila moja lilitoka wapi.