Kupamba au Kusanifu? Historia ya Bustani ya Nyumbani Isiyomlemea Mtunzaji

Miongoni mwa hati zilizowahi kuletwa katika meza ya istilahi ili zihakikiwe, imo moja iliyohusu nyumba za watumishi. Hati ya Kiingereza iliagiza kwamba eneo linalozunguka kila nyumba lishughulikiwe na mtaalamu, ili mkaaji aweze kulitunza kwa kazi kidogo. Mfasiri alikuwa ameandika kwamba bustani hizo "zitapambwa". Kwa tafsiri hiyo mkandarasi angeweza kutimiza mkataba kwa kupanda maua wiki moja kabla ya makabidhiano, hata kama maua yenyewe yangekauka kiangazi kisijafika nusu.

Kosa hilo si la mfasiri peke yake. Neno alilolizoea halikumwonyesha kazi iliyokuwa ikitajwa. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi taaluma ya usanifu wa bustani ilivyokua ughaibuni, na jinsi ilivyoacha kuwa pambo la matajiri ikawa njia ya kumpunguzia kazi mwenye nyumba ya kawaida. Baada ya hapo tutatazama ni maneno gani ya Kiswahili yanayoifaa.

1. Neno lililotoka kwa wachoraji

Neno la Kiingereza "landscape" lilitoka katika Kiholanzi mwishoni mwa karne ya 16. Lilikuwa neno la wachoraji, nalo lilimaanisha picha ya mashamba, mito na miti. Baadaye ndipo lilipohamia kwenye nchi yenyewe inayotazamwa. Mwaka 1788 Mwingereza aitwaye Humphry Repton aliliunganisha na neno la mtunza bustani, akajipatia jina la kazi yake mpya. Repton alikuwa na desturi ya kumwandikia tajiri aliyemwajiri daftari lenye jalada jekundu. Ndani yake mlikuwa na michoro yenye vipande vya kufunua: kwanza mwenye mali aliona shamba lake lilivyo, kisha akifunua aliona litakavyokuwa. Huduma aliyoiuza, basi, ilikuwa ni mawazo na mchoro. Jembe lilifuata nyuma.

Kabla yake Lancelot Brown (1716–1783) alikuwa amekwisha kubadili sura ya mashamba mengi ya mabwanyenye wa Uingereza. Aliondoa vitalu vya maua vilivyopangwa kwa mistari akaacha majani yafike karibu na kuta za nyumba. Katika mashamba ya namna hiyo ulitumika mtaro wenye ukuta uliozama ardhini, ambao uliwazuia ng'ombe na kondoo wasisogelee nyumba, wala haukuyazuia macho kama ufanyavyo ua wa miti. Msomaji azingatie mfano huo. Mtaro ukichimbwa mara moja, kazi ya kuwafukuza mifugo kila siku inakwisha. Hiyo ndiyo mantiki ya usanifu wote tutakaoutaja hapa chini.

2. Uzuri uliotegemea mikono mingi

Hata hivyo, bustani za wakati huo hazikuwa nyepesi kutunza. Majani yalikatwa kwa miundu mirefu na kundi la watu, au yaliliwa na kondoo. Mwaka 1830 Edwin Budding, fundi wa mkoa wa Gloucestershire, alipata hataza ya mashine ya kukata majani. Wazo lake lilitokana na mashine iliyokuwa ikipunguza manyoya ya juu ya nguo za sufu katika viwanda vya kule. Kwa mashine hiyo mtu wa daraja la kati aliweza naye kuwa na uwanja wa majani mbele ya nyumba yake. Miaka minane baadaye, mwaka 1838, John Claudius Loudon alitoa kitabu kizima kilichowahusu wenye bustani za viunga vya miji.

Lakini karne hiyo hiyo ilileta mtindo mwingine wenye gharama kubwa. Katika majumba makubwa, maelfu ya miche ilioteshwa katika nyumba za vioo, ikahamishiwa nje kwa mpangilio wa rangi kama zulia, kisha ikang'olewa msimu ulipokwisha ili mingine ipandwe. William Robinson, mzaliwa wa Ireland, aliupinga mtindo huo. Katika kitabu chake cha mwaka 1870 kuhusu bustani ya kimwitu alishauri kwamba mimea imara, hata iliyotoka nchi nyingine, iwekwe mahali ambapo itastawi bila kuhitaji kushughulikiwa tena. Kwa maneno mengine, uchaguzi wa mmea na mahali pake ulichukua nafasi ya sehemu kubwa ya kazi ya mtunzaji.

Vita vya 1914–1918 viliwatia nguvu waliokuwa na mawazo hayo. Vijana wengi waliokuwa wakitunza bustani za mabwanyenye walikwenda vitani, na wengi hawakurudi. Baadhi ya bustani zilizosifika zilimezwa na magugu. Ilidhihirika kwamba uzuri wake haukuwa katika ardhi. Ulikuwa katika mishahara ya watu.

3. Mwenye nyumba anapokuwa ndiye mtunzaji

Huko Marekani, Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, waliobuni Bustani Kuu ya New York kwa mchoro wa mwaka 1858, walianza mwaka 1863 kutumia cheo cha msanifu wa mandhari. Chama cha wasanifu hao kiliundwa mwaka 1899, na mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Harvard kikaanzisha masomo kamili ya taaluma hiyo. Hapo kazi hii ilipata mtaala na wahitimu, ikatenganishwa na kazi ya mtunza bustani.

Taaluma iliingia katika ua wa nyumba ya kawaida hasa baada ya Vita Kuu ya Pili. Msanifu anayetajwa sana ni Thomas Church wa California (1902–1978). Kitabu chake cha mwaka 1955 kilitangaza katika jina lake kwamba bustani ni kwa ajili ya watu. Church alitaka kwanza kujua wenye nyumba wanaishije, kisha akasimamia kanuni nne: umoja, matumizi, usahili na uwiano wa vipimo. Wateja wake wengi hawakuwa na watumishi. Kwa hiyo alisakafia sehemu za kukaa, akainua vitalu, akatumia mimea inayotambaa mahali ambapo majani yangehitaji kukatwa kila mara. Nchini Uingereza John Brookes alieneza mawazo yanayokaribiana na hayo katika kitabu cha mwaka 1969, akiieleza bustani kuwa ni chumba cha nje cha nyumba.

4. Idara ya maji yabuni neno

Tukio linalotuhusu zaidi sisi wa istilahi ni la mwaka 1981. Idara ya maji ya mji wa Denver, nchini Marekani, ilitaka wakazi wapunguze maji ya kumwagilia. Ilibuni neno "xeriscape" kwa kuunganisha neno la Kigiriki lenye maana ya ukavu na sehemu ya pili ya neno la mandhari. Neno hilo liliambatanishwa na kanuni saba: kupanga na kusanifu kwanza, kurutubisha udongo, kupunguza eneo la majani, kuchagua mimea inayofaa, kumwagilia kwa uangalifu, kuweka matandazo, na kutunza ipasavyo.

Neno lilienea, na kanuni zikaenea pamoja nalo. Lakini sikio la wengi lilisikia "ziro", yaani sufuri. Wako waliodhani wanaagizwa kung'oa kila kitu na kumwaga kokoto. Waliobuni walikuwa na maana njema, ila sauti ya neno iliwaendesha watu kwingine. Kila anayeketi kuunda istilahi hana budi kukumbuka jambo hili.

5. Msamiati wetu

Kiswahili si maskini katika uwanja huu. "Bustani" ni neno la Kiajemi lililotufikia kwa njia ya Kiarabu, na asili yake ni mahali pa harufu nzuri. Mtu aliyepanda asumini au mkilua karibu na baraza bado anaishi na maana hiyo. Tuna "ua" wa michongoma au minyaa, "kitalu" cha miche, "ukoka", "palizi" na "tuta". Tuna pia desturi ya kiwanja kinachofagiliwa asubuhi, ambacho hakihitaji maji wala mashine. Wazee waliozizungushia nyumba zao minyaa, mti usioliwa na mifugo na unaostahimili ukame, walikuwa wamesanifu bila kuliita jambo hilo usanifu.

Kilichovuruga ni historia ya ukoloni. Nyumba za maofisa zilizungushiwa viwanja vipana vya majani kwa mtindo wa Uingereza, na kazi yote ikamwangukia mtu mzima aliyeitwa "boi wa shamba". Kwa kuwa jasho lake lilinunuliwa kwa bei ndogo, hakuna aliyeona haja ya kuuliza kama uwanja wenyewe ulipangwa vizuri. Ndiyo maana katika fikra za wengi bustani ilibaki na pande mbili tu: anayeipamba na anayeitumikia. Msanifu hakuwa na nafasi katika lugha.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo.

(a) "Usanifu wa mandhari" litumike kwa taaluma, na "msanifu wa mandhari" kwa mtaalamu, kwa kufuata mfano wa usanifu wa majengo ambao umekwisha zoeleka. Kwa eneo dogo la nyumbani, "kusanifu bustani" yatosha.

(b) "Kupamba" libaki kwa maua na urembo tu.

(c) "Matunzo" yawe kazi zinazorudiwa: kumwagilia, kupalilia, kupogoa, kukata majani. Bustani iliyosanifiwa ili kazi hizo zipungue iitwe "bustani ya matunzo mepesi". Tusiseme "bustani rahisi", kwani "rahisi" humaanisha pia bei ya chini, na bustani ya aina hii aghalabu hugharimu zaidi mwanzoni. Wala tusiseme "isiyohitaji kutunzwa", maana hakuna bustani ya namna hiyo.

(d) "Matandazo" tayari ni neno la mabwana shamba, halihitaji mbadala. Mimea inayofunika ardhi iitwe "mimea tandavu".

(e) Neno la Denver lisikopwe. "Bustani inayohimili ukame" hueleweka na mwanafunzi na mkulima bila maelezo, wala halisikiki kama neno jingine.

Hati iliyotajwa mwanzoni ilirekebishwa. Sentensi yake ikasomeka kwamba eneo la kila nyumba "lisanifiwe na mtaalamu kwa namna itakayopunguza matunzo", na mkandarasi akatakiwa aonyeshe katika mchoro wake maji yatatoka wapi, na kazi gani itarudiwa na kwa kipindi gani. Neno "kupamba" lisingeweza kumdai mambo hayo.

Tunawaomba walimu, wafasiri na mabwana shamba watuletee maneno wanayoyasikia katika maeneo yao kuhusu ua, kiwanja na bustani. Huenda mengine ni bora kuliko haya tuliyoyapendekeza.