Ada ya Utende: kwa nini Mafia unalipa hata usipolowa

Wadau, kila anayeanza kupiga hesabu ya safari ya Mafia hukwama mahali pamoja. Nauli ya ndege au boti anaielewa. Bei ya chumba anaielewa, hata kama inauma. Halafu chini kabisa anakuta mstari mmoja: ada ya hifadhi, kwa kila mtu, kwa kila siku. "Mimi naenda kupumzika tu, sizamii, sivui, hata kuogelea sijui. Ada ya nini sasa?" Swali hili nimeulizwa mara nyingi, nikaona bora nilijibu kwa historia, maana ukisoma risiti peke yake utadhani ni ujanja wa mwenye hoteli.

Tuanze na ramani. Ndege zote na boti zinazotoka Nyamisati zinashusha watu Kilindoni, makao makuu ya wilaya, upande wa magharibi wa kisiwa. Hapo bado hujaingia hifadhini. Ukishika barabara ya kwenda Utende, mwendo wa kilometa kama 14 hivi, ndiyo unakutana na geti. Hoteli nyingi zinazotangazwa kwa watalii ziko Utende kwenyewe, na nyingine ng'ambo ya maji pale Chole. Yaani zote ziko ndani ya geti. Kwa hiyo kitanda chako kiko hifadhini, na wewe uliyelala juu yake uko hifadhini, uwe umelowa au umekaa mkavu unasoma riwaya. Hesabu inakwenda kwa saa 24, siyo kwa idadi ya mara ulizozama.

Hii si mara ya kwanza Mafia kuwekewa bei. Mwaka 1890, Waingereza na Wajerumani walipogawana maeneo yao huku kwetu, Sultani wa Zanzibar alilipwa mark milioni 4 na Wajerumani kwa ajili ya mwambao wa bara pamoja na Mafia. Wenyeji hawakuulizwa, wala hawakupata hata senti. Wajerumani wakakaa Chole, wakajenga, na magofu yao bado yapo, mizizi ya miti imeyakumbatia utadhani inataka kuyameza. Mwaka 1913 wakahamishia makao yao Kilindoni. Januari 1915 Waingereza wakakiteka kisiwa, na mwaka huohuo wakakitumia kuiwinda meli ya kivita Königsberg iliyokuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji. Basi, kwa miaka mingi baada ya hapo Mafia ilisahaulika, ikabaki na minazi yake.

Kumbuka jambo moja kuhusu hifadhi zetu za wanyama. Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 ikatengwa na Ngorongoro. Wamasai waliokuwa wakiishi Serengeti ikabidi wahame. Hapo ndipo wengi wetu tulipopata picha ya neno hifadhi: eneo lisilo na watu, lenye geti, askari na simba. Unalipa, unaingia, unatazama, unatoka. Hata majirani zetu Kenya walipoanzisha hifadhi ya bahari ya Malindi mwaka 1968 walifuata njia hiyohiyo, ndani ya hifadhi hakuna kuvua.

Kwetu bahari ilichelewa. Mwaka 1975, chini ya Sheria ya Uvuvi ya 1970, serikali ilitangaza maeneo kadhaa kuwa maeneo tengefu. Hapa Dar ndiyo hivi visiwa vya Mbudya na Bongoyo tunavyokwenda kula chipsi na samaki wikiendi. Mafia yakatajwa maji ya ghuba ya Chole na fungu la Tutia. Yakatajwa kwenye karatasi, nasema. Hapakuwa na boti ya doria wala mafuta ya kuiendesha. Nani angemkamata nani?

Jibu lilikuja kwa mshindo. Baruti! Kwa wasiojua, mvuvi wa baruti hahitaji nyavu wala ndoana. Anatafuta kundi la samaki, anawasha utambi, anatupa, na baada ya mlipuko anaokota wanaoelea. Wanaozama anawaacha. Tumbawe lililochukua miaka mingi kukua linabaki kifusi, na samaki hawarudi kwa sababu nyumba yao imebomolewa. Uvuvi huu ulikuwa marufuku kisheria lakini katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 ulishamiri pwani nzima, na Mafia wengi wa wapigaji walikuwa wageni wenye boti na injini waliotoka nje ya kisiwa. Mzee mwenye ngalawa na dema angefanya nini mbele ya watu wenye baruti mkononi?

Hapa ndipo penye jambo ambalo ukiwa getini Utende huwezi kulijua. Watu wengi wa Mafia waliipokea hifadhi kwa mikono miwili. Mtafiti wa Kimarekani Christine Walley, aliyeishi Chole miaka ya 1990 na kutoa kitabu mwaka 2004, ameeleza kwamba wakazi waliiona hifadhi kama njia ya kuwaondoa wapiga baruti. Haikuwa mapenzi ya mtalii wala ya picha za samaki wa rangirangi. Walitaka bahari yao ilindwe ili wavue.

Bunge likapitisha Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Namba 29 ya mwaka 1994, na mwaka 1995 Mafia ikawa hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, kilometa za mraba 822, ikichukua sehemu ya kusini ya kisiwa pamoja na Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu. Angalia tofauti: vijiji zaidi ya kumi vilibaki ndani. Hakuna aliyefukuzwa nyumbani. Haikuwekwa chini ya TANAPA, iliwekwa chini ya wizara inayoshughulikia uvuvi. Na sheria yenyewe iliunda mfuko maalumu, ili ada za wageni ziendeshe ulinzi. Serikali ya wakati ule haikuwa na fedha, wafadhili kama WWF na NORAD walikuwa wanashika sehemu ya mzigo, na kila mtu alijua wafadhili huondoka. Nani basi atanunua petroli ya boti? Mgeni wa Utende.

Ndiyo maana ya ada ile. Mwanzoni hukulipia kutazama, ulilipia doria. Na kwa upande wa baruti ilifanya kazi, milipuko ilipungua sana ndani ya miaka michache. (Bahari nayo ina mengi yake: mwaka 1998 El Nino ilipasha maji moto, matumbawe mengi ya Chole na Tutia yakapauka na kufa. Hilo halina askari wa kulizuia.)

Shida ilianza pale doria ilipomgeukia mwenyeji. Mpango wa usimamizi wa mwaka 2000 uliigawa bahari katika kanda: nyingine hakuna kuvua kabisa, nyingine nyavu fulani haziruhusiwi, nyingine ni huru zaidi ila kwa leseni. Kitaalamu inaeleweka, nyavu za kukokota zinafagia hadi vifaranga. Lakini nenda Jibondo, kisiwa cha mawe kisicho na maji baridi ya kutosha wala shamba la maana, umwambie mtu asivue pale alipovua babu yake kwa sababu mgeni anapenda kuzamia palepale. Jibondo waliigomea hifadhi waziwazi, na mimi siwashangai. Sehemu ya mapato hurudi vijijini, hilo ni kweli, na yako madarasa na zahanati zilizonufaika. Lakini fungu la kijiji likigawanywa kwa kaya moja moja, sidhani linafidia wavu.

Sasa bei. Miaka ya 2000 mgeni kutoka nje alilipa dola 10 kwa siku, mtoto dola 5. Baadaye ikapanda hadi dola 20. Halafu Julai 2016 serikali ikaweka VAT ya asilimia 18 kwenye huduma za utalii, ikawa dola 23.60. Kama una rafiki mzungu anakuja na unampangia usiku nne, mwambie aweke dola 94.40 pembeni, na wakiwa wawili ni 188.80. Mwulize mwenye hoteli kama bei yake imejumlisha ada hiyo au haijajumlisha, kwa sababu hapo ndipo ugomvi wa siku ya kuondoka huzaliwa. Mtanzania analipa kwa shilingi, na kiasi chake ni kidogo mno ukilinganisha. Beba kitambulisho, usitegemee Kiswahili chako kikuokoe.

Linganisha na Serengeti, ambako mgeni alilipa dola 60 kabla ya VAT kwa miaka mingi na sasa kwenye msimu wa juu ni 70, wakati Mtanzania ni shilingi 10,000 kabla ya VAT. Juu yake kuna gari na ada yake, na ukilala ndani kuna ada ya kulala. Kwa Mtanzania, kule getini siyo panapovunja mfuko, gari ndilo linalovunja. Mafia huhitaji Land Cruiser. Kinachokula hela ni nauli ya kufika na boti ya kukupeleka kwenye matumbawe, kwa hiyo mkichanga watu sita boti moja mambo yanakuwa mepesi.

Na kichekesho cha mwisho. Yule samaki anayewaleta wengi Mafia, papa shilingi, mkubwa kuliko samaki wote duniani na mpole kama ng'ombe, haonekani sana ndani ya hifadhi. Kuanzia Oktoba hadi Machi anazunguka maji ya Kilindoni, upande wa magharibi, nje ya mipaka ya zile kilometa 822. Wavuvi wa dagaa ndio majirani zake wa kila siku, na safari za kumwona huanzia ufukwe wa Kilindoni. Kama ndiye pekee unayemfuata, unaweza kulala nyumba ya wageni palepale mjini na geti la Utende usilione kabisa.