Chupa ya Maziwa na Siasa ya Uzazi Stanleyville

Katika Kongo ya Wabelgiji, ambako Kisangani iliitwa Stanleyville hadi mwaka 1966, watawala waliohofia kupungua kwa watu walilaumu desturi ya kunyonyesha miaka miwili au mitatu huku wazazi wakijitenga kitandani, ingawa nafasi hiyo kati ya uzazi mmoja na mwingine, kwa kweli, ndiyo iliyomlinda mtoto. Ligi ya kuwalinda watoto Waafrika, iliyoundwa mwaka 1912, ilihimiza vituo vya Goutte de Lait, yaani Tone la Maziwa, ili mtoto aachishwe ziwa mapema. Lakini mtoto aliyezoea kukamua titi kwa ulimi na taya huishangaa chuchu ya mpira ya chupa, huisukuma nje na kulia, na mara nyingi huipokea akipakatwa na mtu asiyenukia maziwa ya mama.