Gari la umeme la kampuni: Yampasayo mzazi kupima kabla ya kutia saini

KWA mfanyakazi nchini Uingereza anayepewa gari na mwajiri wake, gari la umeme ndilo linalotozwa ushuru mdogo zaidi. Ndiyo maana wauguzi, walimu, wahandisi na makarani, wakiwemo Wakenya walioajiriwa huko, hujikuta wakiletewa orodha ya magari mapya na kuambiwa wachague moja.

Hata hivyo, unafuu wa ushuru haumbebi mtoto wala mizigo yake. Anayetia saini hufungwa na mkataba wa miaka miwili hadi minne, na katika kipindi hicho familia inaweza kupata mtoto mwingine, kuhama nyumba au kupoteza kazi. Makala haya yanaeleza jinsi mpango huu unavyofanya kazi na mambo ambayo mzazi anafaa kuyapima, hasa yale yasiyoonekana kwenye tangazo la malipo ya kila mwezi.

Mpango wenyewe

Kuna njia mbili. Katika ya kwanza, gari ni sehemu ya marupurupu ya kazi na mwajiri ndiye anayeligharimia. Katika ya pili, mfanyakazi hukubali mshahara wake upunguzwe kabla ya kutozwa ushuru, na kwa kiasi hicho mwajiri humkodia gari kutoka kwa kampuni ya ukodishaji. Mara nyingi malipo hayo hujumuisha bima, huduma ya gereji, magurudumu na usaidizi gari linapokwama njiani. Gari si mali ya mfanyakazi. Mkataba ukiisha, hulirejesha.

Mwezi Aprili 2017, sheria iliondoa manufaa ya njia hii ya pili kwa magari mengi. Iliyaacha tu yale yanayotoa gramu zisizozidi 75 za hewa ya kaboni kwa kila kilomita. Hapo ndipo gari la umeme, lisilo na bomba la moshi, lilipopata nafasi yake.

Ushuru unavyokokotolewa

Mfanyakazi akilitumia gari la kampuni kwa shughuli zake binafsi, hata kwenda kazini na kurudi nyumbani tu, sheria huhesabu kwamba amepata manufaa. Manufaa hayo ni asilimia fulani ya bei rasmi ya gari, pamoja na vikorombwezo vilivyoongezwa. Punguzo ambalo mwajiri alipewa na muuzaji halihesabiwi.

Kwa gari la umeme, kiwango kilikuwa asilimia 0 katika mwaka wa ushuru wa 2020/21, asilimia 1 mwaka uliofuata, kisha asilimia 2 hadi 2024/25. Kilipanda hadi asilimia 3 mwaka 2025/26. Viwango vilivyotangazwa baada ya hapo ni asilimia 4 mwaka 2026/27, asilimia 5 mwaka 2027/28, asilimia 7 mwaka 2028/29 na asilimia 9 mwaka 2029/30. Mwaka wa ushuru nchini humo huanza Aprili 6.

Tuchukue mfano wa gari lenye bei rasmi ya pauni 36,000. Kwa kiwango cha asilimia 4, manufaa ni pauni 1,440 kwa mwaka. Anayetozwa ushuru wa asilimia 20 atalipa pauni 288, yaani pauni 24 kwa mwezi. Anayetozwa asilimia 40 atalipa pauni 48 kwa mwezi. Gari la petroli la bei iyo hiyo linaloangukia kiwango cha juu cha asilimia 37 lingemtoza yule wa kwanza pauni 222 kwa mwezi.

Sasa tuseme kukodi gari hilo kunagharimu pauni 450 kwa mwezi, zinazotolewa kwenye mshahara kabla ya ushuru. Yule wa asilimia 20, ambaye pia huchangia asilimia 8 kwa Bima ya Taifa, atahisi pengo la pauni 324 mfukoni. Akiongeza pauni 24 za ushuru wa manufaa, gari litamgharimu pauni 348. Yule wa asilimia 40, ambaye mchango wake katika ngazi hiyo ni asilimia 2, atagharimika pauni 309. Mwenye mshahara mkubwa ndiye anayenufaika zaidi.

Mambo mawili yafaa kuzingatiwa. Kwanza, mkataba wa miaka minne unaoanza Aprili 2026 utapitia viwango vinne tofauti. Zile pauni 24 za mwaka wa kwanza zitakuwa pauni 54 katika mwaka wa nne. Pili, katika bajeti ya Novemba 2025, serikali ilitangaza kwamba magari ya umeme yatatozwa senti 3 za pauni kwa kila maili kuanzia Aprili 2028. Kwa familia inayosafiri maili 10,000 kwa mwaka, hizo ni pauni 300. Ni busara kuuliza mapema ni nani atakayezilipa.

Mshahara unapopunguzwa

Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu muuzaji huzungumzia gari ilhali mkataba unahusu mshahara.

Kwa mama anayetarajia kujifungua, jambo hili ni zito. Malipo ya kisheria ya likizo ya uzazi katika wiki 6 za kwanza ni asilimia 90 ya wastani wa mapato yake. Wastani huo huchukuliwa katika muda wa takriban wiki 8, unaoishia katika wiki ya 15 kabla ya ile anayotarajiwa kujifungua. Ikiwa wakati huo mshahara wake ulikuwa umepunguzwa kwa ajili ya gari, malipo ya uzazi nayo hupungua. Familia iliyochukua gari kubwa kwa ajili ya mtoto anayekuja inaweza kupata pigo wakati uleule mtoto anapofika.

Mchango wa malipo ya uzeeni pia huweza kushuka, kutegemea jinsi mwajiri anavyouhesabu. Aidha, sheria hairuhusu mshahara uliobaki kuwa chini ya kima cha chini cha taifa, kwa hivyo wenye mapato madogo hukataliwa. Aliye nchini kwa viza ya kazi yenye sharti la mshahara anafaa kumuuliza mwajiri, kwa maandishi, ikiwa mpango huo unaligusa sharti lake.

Suala la kuacha kazi lisipuuzwe. Mfanyakazi anayejiuzulu kabla ya mkataba kuisha huweza kudaiwa faini ya kurejesha gari mapema. Mipango mingi ina kinga kwa anayefutwa kazi kwa kukosekana kwa nafasi, anayeugua kwa muda mrefu au anayekwenda likizo ya uzazi, lakini mara nyingi kinga hiyo haifanyi kazi katika miezi ya mwanzo. Kifungu hiki ndicho cha kusomwa kwanza, si cha mwisho.

Viti na buti

Sheria ya Uingereza inataka mtoto akalie kiti maalum hadi afikishe umri wa miaka 12 au kimo cha sentimita 135, lolote litakalotangulia. Kwa viti vinavyochaguliwa kulingana na kimo cha mtoto, mtoto mchanga lazima atazame nyuma hadi apite miezi 15. Ni kosa kukiweka kiti kinachotazama nyuma kwenye kiti cha mbele ambacho mfuko wake wa hewa haujazimwa.

Hivyo basi, mwenye watoto wawili hukuta magari mengi yanamtosha, ila mwenye watatu asikubali neno la muuzaji. Magari mengi ya watu watano yana vyuma vya Isofix vya kufungia kiti cha mtoto kwenye viti viwili tu vya nyuma, na kiti cha kati huwa chembamba. Njia ya hakika ni kwenda na viti vyote vitatu na kuvifunga papo hapo. Citroën Berlingo ya umeme ina viti vitatu vya nyuma vilivyotenganishwa. Peugeot E-5008, Kia EV9 na Volkswagen ID. Buzz ndefu zina safu tatu za viti. Katika gari la safu tatu, angalia buti linabaki kiasi gani safu ya mwisho ikiinuliwa. Mara nyingi kigari cha mtoto hakiingii.

Kwa magari ya safu mbili, Škoda Enyaq ina buti la lita 585, Renault Scenic ya umeme lita 545 na Kia EV3 lita 460. Namba hizo zinasaidia kulinganisha, lakini umbo la buti huamua zaidi. Beba kigari cha mtoto ukakijaribu.

Betri hukaa chini ya sakafu. Faida yake ni kwamba sakafu ya nyuma huwa tambarare, na mguu wa kiti cha mtoto hutulia vizuri. Hasara ni kwamba sakafu huinuka, na mtu mzima aliyeketi nyuma hukunja magoti. Bibi atakayesafiri na wajukuu naye aketishwe humo kabla ya uamuzi.

Usalama wenyewe usikisiwe. Mwaka 2021, shirika la Euro NCAP liliipa Renault Zoe, gari la umeme lililokuwa limependwa sana Ulaya, nyota 0 kati ya 5. Kuwa la umeme au kuwa jipya hakulifanyi gari kuwa salama. Matokeo ya majaribio hayo huchapishwa bila malipo.

Umbali na mahali pa kuchaji

Umbali unaoandikwa kwenye tangazo hupimwa katika mazingira ya maabara. Katika majira ya baridi, kipasha joto kikiwashwa kwa ajili ya watoto na gari likienda kasi ya maili 70 kwa saa kwenye barabara kuu, umbali huo huweza kupungua kwa robo au zaidi. Familia ipime safari ndefu inayofanya mara kwa mara, kwa mfano London hadi Manchester ambayo ni takriban kilomita 320, na kujiuliza ikiwa itaimudu mwezi Januari kwa kusimama mara moja tu. Gari lenye pampu ya joto hutumia umeme kidogo zaidi katika baridi.

Muhimu kuliko ukubwa wa betri ni mahali gari linapolala. Mwenye maegesho yake nyumbani hufunga kifaa cha kilowati 7 na kuchaji usiku, wakati umeme ni wa bei nafuu. Umeme wa nyumbani hutozwa ushuru wa thamani ya ziada wa asilimia 5, ilhali ule wa vituo vya umma hutozwa asilimia 20. Vituo vya kasi huuza umeme kwa bei ya mara kadhaa kuliko ule wa usiku. Anayeishi ghorofani bila maegesho anaweza kuona akiba yote ya ushuru ikimezwa na vituo hivyo. Iwapo kazini kuna mahali pa kuchaji, umeme anaopewa hapo hautozwi ushuru.

Siku ya kurejesha

Mkataba huweka kikomo cha maili, na kila maili ya ziada hulipiwa. Hesabu za familia mara nyingi husahau safari za shule, kanisa na jamaa wa mbali. Ni rahisi zaidi kuchukua kikomo cha juu tangu mwanzo.

Gari pia hukaguliwa. Kampuni nyingi hufuata mwongozo wa chama cha wakodishaji, BVRLA, unaotofautisha uchakavu wa kawaida na uharibifu. Viti vilivyopasuka na madoa yasiyotoka huhesabiwa kuwa uharibifu. Mkeka chini ya kiti cha mtoto na picha za gari siku ya kwanza huepusha ugomvi.

Kwa Mkenya mgeni huko kuna sharti jingine. Leseni ya Kenya humruhusu kuendesha kwa miezi 12 tu tangu awe mkazi, na haibadilishwi moja kwa moja kuwa ya Uingereza. Wazazi wote wawili wahakikishe wamefaulu mtihani na majina yao yamo kwenye bima.

Na hapa Kenya?

Sheria ya ushuru wa mapato ya Kenya haitofautishi umeme na petroli. Gari likikodiwa na mwajiri kutoka kwa kampuni nyingine, mfanyakazi huhesabiwa kuwa amepata manufaa sawa na gharama ya kukodi. Likiwa mali ya mwajiri, hukokotolewa kwa asilimia 2 ya bei ya ununuzi kila mwezi, au kiasi alichoweka kamishna iwapo ni kikubwa zaidi. Unafuu uliopo ni wa umeme wenyewe: mwaka 2023, Kenya ilianzisha bei maalum ya kuchaji magari ya Sh16 kwa kila yuniti, na Sh8 nyakati zisizo na msongamano.

Kwa hivyo mzazi aliye Nairobi asichukue hesabu za nduguye aliye Leeds akazifanya zake. Lakini popote alipo, maswali ya msingi ni yaleyale: gari litalala wapi, watoto wataketi vipi, na nani atalipa iwapo kazi itaisha kabla ya mkataba. Asiyepata majibu matatu kwa maandishi asitie saini bado.