Ndege ya kitambaa: Likoni ilivyohariri mji kabla ya Instagram

Najua niliahidi kuendelea na somo la hifadhidata, lakini wiki hii niwieni radhi, nina kisa cha picha. Ni historia, na ndani yake kuna kosa la kiufundi nililolifanya mwenyewe, kwa hiyo hatujatoka nje ya mada sana.

Mwaka 1993 mama yangu alipigwa picha karibu na feri ya Likoni akiwa amesimama mbele ya ndege. Amevaa rinda la njano, mkoba mkononi, kidevu amekiinua kama abiria anayesubiri kuitwa. Ndege yenyewe ilikuwa ni rangi juu ya kitambaa. Mama hajapanda ndege mpaka leo, ingawa zile za kweli hutua Port Reitz, upande wa Changamwe, na tangu utotoni tumezisikia zikipita. Picha ile ilisafishwa nakala mbili. Moja aliibandika kwenye albamu, ya pili akaitia kwenye bahasha akampelekea dada yake Mwatate. Kwa hiyo vijana mnaposema "nimeposti", mjue wazazi wenu waliposti kabla yenu, tena kwa stempu.

Kazi ya kuchagua pembe nzuri ya Mombasa na kuirembesha kwa ajili ya macho ya watu walio mbali ni ya zamani kuliko tunavyodhani. Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na mpiga picha William D. Young ndiye aliyeifuata na kamera yake. (Alama ya reli tunayobandika chini ya picha zetu ina babu, basi. Natania.) Baadaye zikaja postikadi, zikiuzwa na wapiga picha kama Coutinho Brothers waliofanya kazi Unguja na Mombasa. Ukizitazama utaona mandhari yaleyale: Fort Jesus, vichochoro vya Mji wa Kale, majahazi bandarini, na vile vigari vya kusukumwa kwenye reli nyembamba, Mzungu ameketi kivulini, Waafrika wakisukuma kwa nyuma. Zile za rangi hazikupigwa kwa rangi. Picha ilitoka nyeusi na nyeupe, ikapelekwa kiwandani, mara nyingi Ujerumani, na huko mtu ambaye hajapata kuiona bahari ya Kilindini ndiye aliyeamua iwe buluu ya aina gani. Mnaolalamika kwamba filta za simu zinadanganya, anzeni kulalamika hapo.

Na sisi wa ng'ambo tulikuwa wapi kwenye kadi hizo? Mara nyingi tulikuwa mstari wa minazi upande wa pili wa maji. Kisauni kulikuwa na Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru, yaliyoanzishwa na wamisheni wa CMS mwaka 1875. Kengele yake ndiyo iliyopaita mahali pale Kengeleni, na matatu hupita hapo kila siku. Lakini mwambie mtu atafute picha ya Mombasa uone atakuletea nini. Atakuletea zile pembe za alumini za Moi Avenue, zilizosimamishwa miaka ya 1950 kwa ajili ya ziara za familia ya kifalme ya Uingereza. Miaka kadhaa iliyopita mteja mmoja aliniomba nimchagulie picha 12 za kalenda ndani ya programu yake ya simu. Nilipomaliza nikagundua kwamba zote nimezitoa kisiwani, na mimi ni mtoto wa Likoni!

Sasa njooni feri. Kuanzia miaka ya 1980 wapiga picha waliokuwa wakizunguka na kamera shingoni walianza kujikusanya karibu na kivuko, na kufikia miaka ya 1990 walikuwa na studio zao za vibanda. Huko nyuma wametundika pazia lililochorwa: meli, feri yenyewe, ndege, majengo marefu ya mji ambao haupo kwenye ramani yoyote. Pembeni maua ya plastiki na mapambo ya kumetameta. Mtaalamu wa anthropolojia kutoka Ujerumani, Heike Behrend, aliwafanyia utafiti wapiga picha hawa wa feri, na mwaka 2013 akatoa kitabu kizima kuhusu upigaji picha katika pwani yetu.

Mimi kinachonivutia kama mtu wa mitandao ni mahali walipochagua. Filamu ilikuwa na picha 36, na haikuwa busara kuipeleka kusafishwa kabla haijaisha. Ina maana mteja apigwe leo, alipe, aondoke, arudi baada ya siku kadhaa. Ni wapi Mombasa utampata mteja ambaye lazima atapita tena hapo hapo? Feri! Mtu wa Likoni aliyefanya kazi kisiwani wakati huo hakuwa na njia nyingine, asubuhi alivuka na jioni alivuka. Kivuko kilikuwa ruta, na wale mabwana waliweka seva zao mlangoni mwake.

Wengi wao, na wengi wa wateja wao, walikuwa wametoka bara kutafuta kazi pwani. Picha ilikuwa taarifa kwa watu wa nyumbani: nimefika, niko sawa. Hapo ndipo naona tofauti na postikadi. Kwenye postikadi mtu mwingine alichagua mandhari na sisi tukawa sehemu ya mandhari hayo, tukisukuma kigari. Pale feri anayelipa ndiye aliyechagua ndege au meli, akasimama mbele yake, katikati. Uongo ulikuwepo, ndiyo, lakini ulikuwa wake. Kule Lamu, Omar Said Bakor naye alikuwa akikata picha za wateja na kuziunganisha upya kwa mkono katika studio yake, miaka mingi kabla ya Photoshop kutoka mwaka 1990. Photoshop yenyewe ilipata matabaka mwaka 1994. Mama alikuwa ameshasimama juu ya tabaka lake mwaka mmoja kabla.

Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na wiki zilizofuata watu waliotoka bara wakawindwa. Zaidi ya watu 100 waliuawa na maelfu wakahama. Sisi tulikaa kwa jirani siku tisa, kisha tukarudi. Wengine hawakurudi kabisa.

Turudi kwenye kosa langu. Instagram ilitoka Oktoba 2010, lakini wengi wetu tuliipata Aprili 2012 ilipokuja kwenye Android. Filta zake ukizifungua ndani hazina uchawi mwingi: kila pikseli ina namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kila moja kati ya 0 na 255, na sehemu kubwa ya filta ni jedwali linalosema palipo na 90 weka 110. Picha wakati huo ilikuwa lazima iwe ya mraba, na sharti hilo halikuondolewa hadi mwaka 2015. Nikaichukua picha ya mama nikaiskani. Ubavuni, kushoto, mpiga picha alikuwa amekosea kidogo: pazia liliishia kabla ya fremu kuisha, na ukaonekana ukingo wa kibanda, kipande cha barabara ya feri, na mtu nusu. Nikaona ni uchafu. Nikakata, nikapaka filta ya kikale (picha ya kikale juu ya picha ya zamani, fikirieni!), nikahifadhi juu ya faili lile lile. Mimi ninayewahubiria vijana Git kila siku. Mvua za masika zilizofuata paa likavuja, albamu ikaloa, picha zikagandana.

Mwaka jana nilimwonyesha mama ule mraba kwenye simu. Akautazama kwa muda kisha akauliza, "Na mama wa chai umempeleka wapi? Si alikuwa hapa kando?"

Mama wa chai ndiye yule nusu mtu. Alikuwa jirani yetu, katoka bara kama sisi, na Agosti 1997 aliondoka Likoni usiku. Hatujamsikia tena. Picha yake nyingine hatuna.

Nikampigia binamu yangu Mwatate nikamwomba atafute ile nakala iliyokwenda kwa posta. Nilikuwa na hofu moja: mama mdogo ana tabia ya kukata picha kwa mkasi ziingie kwenye fremu. Hii hakuikata, alikuwa ameiweka ndani ya Biblia. Binamu alitaka kuipiga kwa simu anitumie WhatsApp, nikakataa, nikapanda gari mwenyewe. Nimeiskani kwa dpi 1200, yote, na kona zake zilizokunjika, na nimeweka nakala sehemu tatu. Mama wa chai anaonekana bega, kitambaa cha kichwa, na mkono ulioshika birika. Uso haupo, umebaki nyuma ya nguzo ya kibanda.

Nilimkuzia mama kwenye kompyuta. Akavaa miwani, akasogea karibu.

"Ndiye," akasema. "Na hilo birika ni langu, aliliazima."