Vipande Haviingiani: Reli Zetu Kutoka Makupa Mpaka Miritini

Wadau, juzi nilienda Kongowea kutafuta viatu, nikarudi Mikindani na boksi la reli. Reli za treni ya kuchezea, zile za Hornby, mtumba wa Uingereza, treni yenyewe haimo. Mia sita tu. Mamangu akaniuliza kama hiyo ndiyo kazi niliyoachia chuo. Nikanyamaza, kwa sababu kusema kweli siku hiyo sikuwa na jibu.

Mpango wangu ulikuwa kutengeneza mainland yetu juu ya meza: Makupa, Changamwe, Miritini, halafu mlima wa kupanda Mazeras. Watu wa Likoni msinune, nyinyi na feri yenu nitawafikiria siku nyingine.

Sasa, reli hizi huja vipande vipande. Kuna vilivyonyooka na kuna vya kona, unavichomeka kimoja kwa kingine. Vya kona nilivyopata vina digrii 45 kila kimoja, kwa hivyo vinane vinafunga duara. Hesabu ya darasa la sita. Nikahesabu, viko vinane kamili. Nikavipanga na duara likakataa kufunga.

Nilikaa na ile kitu mpaka saa saba usiku. Kumbe vitano ni vya kona kubwa, nusu kipenyo milimita 438, na vitatu ni vya kona ndogo, milimita 371. Kwa macho huoni tofauti. Digrii zinatimia 360 sawasawa, lakini mwanzo na mwisho havikutani. Nikapangua nikapanga tena, pengo dogo kabisa nililopata ni sentimita 2 hivi. Ukilazimisha, unapinda viungo, na treni ikifika hapo inaruka nje. Dawa ni kwamba kila kipande kiwe na pacha wake upande wa pili wa duara, kubwa ikabiliane na kubwa, ndogo na ndogo. Vitano na vitatu haviwezi kugawanyika pacha. Basi.

Hapo ndipo nikaanza kusoma historia ya reli zetu, na maze, ni boksi langu hilo hilo, sema kubwa.

Wengi tunajua reli moja ya zamani na SGR. Lakini kabla ya hiyo ya zamani kulikuwa na nyingine. Mwaka 1890 kampuni ya Waingereza iliyokuwa inatawala huku, IBEA ya William Mackinnon, ilianza kujenga reli ya kwenda Ziwa Victoria. Jina lilikuwa kubwa, Central African Railway. Upana wake kati ya chuma na chuma futi 2, yaani milimita 610. Ziwa liko mbali zaidi ya kilomita 900, wao walitandika kama maili 7, pesa ikakata. Vyuma vikang'olewa, vikaishia kwenye njia za toroli kisiwani. Toroli zilikuwa viti vyenye kivuli juu ya magurudumu manne, bwana mkubwa amekaa, vijana wa Kiafrika wanasukuma kwa nyuma huku wanakimbia. Kwa hivyo usafiri wa kwanza wa reli mjini Mombasa injini yake ilikuwa miguu ya watu. Hiyo shuleni sikuambiwa.

Halafu serikali ya Uingereza ikachukua kazi. George Whitehouse, injinia mkuu, alifika Desemba 1895, na 1896 reli ya kwanza ikalazwa. Mwanzoni walikuwa wanafikiria upana wa futi 3 na inchi 6, milimita 1,067, kama kule Afrika Kusini. Wakabadilisha, wakachukua mita moja. Sababu haikuwa ardhi ya Changamwe wala mlima wa Mazeras. Sababu ni kwamba India tayari kulikuwa na reli nyingi za mita moja, na injini, mabehewa na mafundi wangetoka huko. Yaani walitumia vipande vilivyokuwa kwenye boksi lao. Kutoka kisiwani walivuka Makupa kwa daraja la mbao la muda, likafuatwa na Salisbury Bridge 1899. Mwaka huo huo wakafika Nairobi, na Desemba 1901 wakafika Kisumu. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 walikufa kwenye kazi hiyo. Simba wa Tsavo ndio waliopata sinema.

Lakini kuna kitu kimoja kinanifurahisha kwenye hiyo mita moja. Wajerumani nao walikuwa wanajenga ya kwao kutoka Tanga, ikafika Moshi 1911. Nayo upana wake ni mita moja. Vita vya kwanza vya dunia vikaanza, Waingereza wakatandika reli kutoka Voi kupitia Taveta ili wapeleke jeshi likapigane na Wajerumani. Walipofika Kahe, karibu na Moshi, wakaiunga na ile ya adui. Ikaingia. Watu wanapigana, vyuma vyao vinashikana kama vya boksi moja.

Rukeni sasa mpaka 31 Mei 2017. SGR inafunguliwa Miritini, kilomita 472 hivi mpaka Nairobi, mkopo wa Exim Bank ya China, mjenzi China Road and Bridge Corporation. Upana milimita 1,435. Ni upana unaotumika sana duniani, sibishi. Kwa treni za kisasa ni sawa. Lakini ukiweka kando ya ile ya mita moja, gurudumu la huku haliwezi kugusa kule hata uombe dua. Kwenye skeli ya 1 kwa 87, SGR ni milimita 16.5 na ile ya zamani ni 11.5. Nikitaka kutengeneza Miritini ya kweli mezani, ni lazima ninunue reli za aina mbili ambazo hazitaungana milele.

Na pengo halikubaki Miritini. SGR ilipofika Naivasha 2019 ikaishia huko, kwa hivyo shehena ya Uganda lazima ishushwe, ipandishwe kwenye treni ya mita moja, iendelee Malaba. Watanzania wanajua uchungu huu tangu zamani: TAZARA ni milimita 1,067, reli yao ya kati ya zamani ni mita moja, na Kidatu mizigo huhamishwa kutoka behewa hadi behewa.

Nilitaka kumalizia hapa kwa kuwatukana waliopanga. Halafu mjomba akaja. Mjomba ni dereva wa lori. Akaitazama meza, reli, kadibodi niliyopaka rangi kuwa Mazeras, akauliza, "Na mimi napita wapi?"

Nikakumbuka 2019, serikali ilipoamuru makontena yote ya Nairobi yapande SGR. Yadi za Changamwe na Miritini zikapoa, madereva, makuli, mama wa chai, wote. Watu wakaandamana Mombasa kila Jumatatu. Septemba 2022, siku aliyoapishwa, Ruto akatangaza kazi ya kutoa mizigo irudi Mombasa. Kwa ramani ya injinia, treni inayotoka melini mpaka Nairobi bila kusimama ndiyo duara lililofungwa. Kwa huku kwetu, palipo na pengo ndipo watu wanakula. Abiria wa SGR anaposhuka Miritini na begi lake, mtu wa kwanza kumwita "boss" ni makanga wa matatu. Bado sijui niseme nini kuhusu hilo. Nawaza tu kwamba aliyepanga 1890, 1896 na 2017 hakuna aliyemuuliza mjomba.

Nimemkatia barabara ya kadibodi, inapita katikati ya meza. Amesema ni nyembamba.

Kama kuna mtu Kisauni, Bamburi au popote ana kipande kimoja cha Hornby R607, kona ya 438, niandikie. Kimoja tu. Nikikipata natoa kile kidogo kimoja, nabaki na sita na viwili, kila kipande kina pacha wake, duara linafunga.